Watemi wa Polandi pale Kijiweni

Mzee Jamaldini wa Mpwapwa alikuwa na wivu, tusimfichie. Si wivu wa mke wala wa mali. Wivu wake ulikuwa wa watu wa kumsikiliza.

Alipokuwa kijana, serikali ilimpeleka Polandi kusomea mifugo. Akarudi na cheti cha ng'ombe, na kichwa kimejaa visa vya watawala wa kale wa nchi ile, ambao yeye aliwaita watemi ili watu wa huku wamwelewe. Tangu astaafu, kila alasiri baada ya swala alikuwa kijiweni kwa Bushiri, muuza kahawa, akiwasimulia wenzake. Na pale kijiweni kuna desturi yake: nafasi ya benchi iliyo jirani na jiko ni ya msimulizi. Hata uje umechoka namna gani, huikalii.

Basi watu wakamjua Boleslavu Mdomo Upande kama jirani yao. Walijua kwamba aliwagawia wanawe nchi kabla hajafa, mkubwa akapewa mji wa Krakovu na ukubwa juu ya wadogo zake. Walijua pia kwamba mkubwa huyo, Vladislavu, hakutosheka. Akataka kuwafukuza nduguze, wakamfukuza yeye, akakimbilia kwa Wajerumani kuomba jeshi.

"Mkewe ndiye aliyemtia maneno!" Habibu alizoea kusema huku akipiga paja. "Wee Jamaldini, kweli si kweli? Yule Agnesi!"

Habibu alikuwa rafiki yake tangu utoto, na hakuna aliyejua kusikiliza kama yeye.

Akaja mwalimu Msafiri, Mrangi wa Kondoa, kahamishiwa shule ya pale. Mwanzo alikaa nyuma na kahawa yake kwa adabu, shikamoo mzee, marahaba. Kisha siku moja, akiwa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, akatoa simu akawaonyesha watu ngome za Krakovu, ramani, na sanamu za watemi wenyewe. Ah! Kesho yake nusu ya benchi ilihamia huko. Wiki haikuisha, Habibu naye akanyanyuka, kikombe mkononi, akavuka barabara.

Kikombe cha Bushiri, jamani! Jamaldini aliutazama mgongo wa rafiki yake mpaka ulipofika ng'ambo. Nyumbani chakula hakikupita. Alimchukia Msafiri, akaichukia simu yake, akawachukia hata watemi waliokubali kuonekana humo.

"Mimi Krakovu niliiona kwa macho haya," alimwambia Bushiri. "Yule kaiona kwa kidole!"

"Basi vuka, mzee, ukakae nao. Msimulie kwa zamu."

"Nivuke mimi? Thubutu!"

Badala yake akamwendea Athuman, muuza dawa za mitishamba, mwenye kipaza sauti kinachosikika mpaka stendi. Njoo ukae nasi, akamwambia, tumzime yule mwalimu. Athuman akakubali upesi. Hakutaka chochote, ila kona kidogo ya kuweka meza yake.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Sauti ya Jamaldini ilivuka barabara, ikaifunika mashine ya kinyozi, na watu wakarudi. Habibu tu ndiye hakurudi. Halafu Athuman akaanza kukatiza: "Mtemi kaumia mgongo! Je wewe, mgongo wako mzima?" Watu wakacheka. Akakatiza tena, safari hii kwa kirefu. Meza ikazaa meza ya pili, wateja wa dawa wakajaa. Mwisho Jamaldini alitoka msikitini akamkuta Athuman ameketi pale karibu na jiko.

"Mzee wangu, leo pumzika," Athuman akasema, tena kwenye kipaza sauti, mji mzima ukasikia.

Jamaldini akamtazama Bushiri. Bushiri akainamia birika lake. Kahawa yake ilikuwa haijawahi kununuliwa hivyo.

Hakuwa na pa kukaa. Akavuka.

Msafiri alikuwa katikati ya kisa cha Konradi, mtemi wa Mazovia, na alikisimulia vizuri kuliko Jamaldini alivyopenda. Konradi alisumbuliwa na majirani zake Waprusi, akawaita wapiganaji wa Kijerumani, watu wa farasi na deraya za chuma, waje wamsaidie. Akawapa kipande cha ardhi mpakani. Wakawapiga Waprusi kweli, ila hawakuondoka. Wakajenga ngome, wakawa wao ndio wenye nchi.

Kisa hiki Jamaldini alikijua neno kwa neno. Alikwisha kukisimulia mara ngapi! Akageuka kuzitazama meza za Athuman ng'ambo.

"Sasa huyu Konradi," Habibu akauliza, "hakuwa na akili? Unamkaribishaje kwako mtu aliyekuzidi nguvu?"

Msafiri akaanza kupekua simu.

"Akili alikuwa nazo," Jamaldini akasema kutoka nyuma, wote wakageuka. "Alikuwa na wivu. Macho yake yote yalikuwa kwenye kiti cha Krakovu, hakuangalia nani anaingia kwake."

Ng'ambo, kipaza sauti kilikuwa kinataja dawa ya vidonda vya tumbo.

Habibu hakucheka. "Na ile ardhi, walimrudishia?"

"Hawakumrudishia. Mpaka anaingia kaburini."

Habibu akasogea, akaacha nafasi mwishoni mwa benchi. Jamaldini akakaa, na roho ikiwa bado inamuuma, akamwambia mwalimu aendelee.