Chujio la Fundi Masikio

Walimwita Masikio, na jina lenyewe alilipenda kupita kiasi. Mtu akiingia karakana na redio inayokoroma, fundi hufumba macho, huinua kidole, na mteja hajakaa vizuri ameshaambiwa ugonjwa uko wapi. Vipimo alikuwa navyo, tena vya maana, ila vilikaa rafuni vikila vumbi. Chombo hakikutoka mlangoni mpaka akisikilize mwenyewe. Sheria hiyo ndiyo iliyomlisha miaka thelathini.

Asubuhi moja mwalimu wa kwaya akarudi, mara ya pili, na kiboksi chake mkononi. Kazi ya kiboksi ni kupokea muziki uliohifadhiwa kwa namba kwenye kompyuta na kuutoa kuwa sauti.

"Fundi, usinielewe vibaya," alisema. "Waimbaji wangu humu ndani wote wana mafua. Herufi s siisikii, na matoazi kama yamefunikwa blanketi."

"Hiyo ndiyo sauti iliyotulia, mwalimu. Umezoea makelele tu."

Mwalimu akacheka kwa adabu, akakiacha mezani, akasema atapita saa kumi.

Masikio alifura. Eti mafua! Akamgeukia binti yake, fundi mwenzake, ambaye wiki ile kiboksi kilipotengenezwa alikuwa nyumbani akiuguza mtoto.

"Chujio nimelifunga kwa mkono wangu," alisema. "Unajua chujio ni nini wewe?"

Binti alijua tangu hajaota meno ya pili, lakini baba akikasirika sharti somo lirudiwe. Namba zikigeuzwa kuwa sauti hutoka na ngazi ngazi, wimbi zima limejaa kona. Chujio ndilo linalolainisha kona hizo. Likilegea, takataka zinapita na sauti inakwaruza. Likikaza mno, linaondoka na muziki wenyewe, kuanzia sauti za juu. Wenzake hupiga hesabu kujua wafunge kapasita, vile vidude vya umeme vinavyounda chujio, za ukubwa gani. Masikio alijaribisha moja baada ya nyingine, anasikiliza, anaongeza, mpaka mkwaruzo uishe masikioni mwake.

"Ngoja nikuonyeshe kazi inayosifiwa," alisema. Akateremsha kiboksi cha mtangazaji wa redio, alichokitengeneza vilevile miezi miwili nyuma na sasa kimerudi kwa ajili ya tundu la waya lililolegea tu. Mtangazaji yule alikuwa amemsifu kwa kila mtu. Akafungua mfuniko.

Lehemu zake yeye zilikuwa nene, za duara kama punje za mahindi. Hizi za kwenye chujio zilikuwa ndogo, zinang'aa, na kapasita zake si zile alizozichagua. Mkono ule angeutambua popote, maana aliufundisha mwenyewe.

"Hizi nani kaweka?"

"Mimi, baba."

"Lini?"

"Ulipokwenda kula mchana."

"Kwenye hiki tu?"

Binti akazima pasi ya kulehemu. "Vyote, baba. Mwaka wa pili huu. Cha mwalimu tu ndicho kilichonipita."

Aibu ikampanda Masikio mpaka kichwani, na hasira nyuma yake. Akavuta kiti, akaupa mgongo mtambo wa kupigia muziki, asione kiboksi kipi kinacheza.

"Weka ile kwaya. Anza na cha mwalimu nilichofunga mimi, halafu hiki chako."

Binti akaweka. Masikio akafumba macho, akainua kidole. Waimbaji wakaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Haya, badilisha," alisema.

"Nimeshabadilisha, baba. Mara nne."

Kidole kikashuka. Kilichomuuma zaidi ni zile sifa. Mwaka wa pili sasa alikuwa akizipokea mbele ya mwenye nazo, na siku moja alimwambia binti huyo huyo ajifunze kutoka kwake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Mji mzima unakuita Masikio."

Alimsogezea kiboksi cha mwalimu, na binti akabadilisha kapasita kwa dakika kumi.

Saa kumi mwalimu akaja, akasikiliza, uso ukamkunjuka. "Hii sasa ndiyo kwaya yangu. Nilijua tu masikio yako hayakosei, fundi. Siku ile ulichoka."

Hapo ingetosha kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha. Binti alikuwa ameshainama, anajitia kutafuta skrubu, akimwachia baba yake sifa kama siku zote.

"Si mimi, mwalimu," Masikio alisema. "Sauti za juu sizisikii tena. Anayesikia ni huyu, na viboksi vyote mlivyonisifia alivirekebisha yeye."

Mwalimu akamgeukia binti. "Basi fundi, zile spika za ukumbini kwetu, utaweza kuja kuzisikiliza?"

Binti akamtazama baba yake kwanza.

"Usinitazame mimi," Masikio alisema. "Mjibu mteja wako."