Asilimia Tisini na Moja

...na kalamu imeshagusa karatasi, imeacha kanukta tu, kanukta si sahihi, bado anaweza kuuinua mkono, lakini Kahiga, bosi wake, amesimama nyuma ya kiti chake na wale wageni wawili wanaonunulia jeshi lao wanamtazama kwa upole, kama watu wanaongoja chai, "Wavinya, ni hapo chini tu, aki tumalize," Kahiga anasema, na hapo chini pameandikwa kwamba mbunifu anathibitisha kuwa kamera hii, ikiwa angani kwenye droni, inamtofautisha mtu mwenye silaha na asiye nayo, na mbunifu ni yeye, hakuna mwingine katika ofisi hii yote ya Ruiru, ni yeye aliyekaa miaka mitatu akiifundisha kuona joto la mwili gizani, mwanzoni ilikuwa ya kutafuta ng'ombe waliopotea, kanisani bado wanaamini ni ya ng'ombe... "Ama kuna shida?" mgeni mmoja anauliza, shida, shida ni Alhamisi, walipoenda kuijaribu Gatuanyaga, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua Gatuanyaga kwa sababu ni kwao na hakuna ambaye angeuliza maswali, droni ikapaa, yeye na msaidizi wake Ouma wakainamia skrini, na mtu akatokea kwenye vumbi, mweupe kwa joto, kitu kirefu begani, kamera ikamchorea kisanduku chekundu, silaha, asilimia tisini na moja, halafu akauona ule mguu wa kushoto unaoburutwa tangu ndama aupige teke, mamake, Syokau, anaenda kupalilia mbaazi, jembe begani, akasimama, akatazama juu, akawapungia mkono... "Ni jembe tu," alimwambia Kahiga kwenye gari, na Kahiga akacheka, "Huko inakoenda hakuna mashamba, ni jangwa," na yeye akalishika neno hilo akalala nalo, jangwa, kana kwamba jangwani hakuna wachungaji, kana kwamba wachungaji hawabebi fimbo... na jioni ile mamake akimmiminia uji, "Kale kadege kenu kaliniona?", "Kalikuona, mwaitu," "Na nilitokea vizuri?", "Vizuri sana," na akaunywa ule uji, akaumaliza... "Wavinya?" Ouma ameinamisha kichwa, mkewe anajifungua mwezi huu, yeye akikataa karatasi itasukumwa kwa Ouma, na Ouma atatia sahihi, na kamera itaenda, michoro yote wanayo, hata akitoka hapa mbio hadi Thika itaenda, basi kukataa ni kwa nini, ili mikono yake ibaki safi? na hapo ndipo linapomjia, lile alilolizunguka tangu Alhamisi, kwamba kabla hajauona ule mguu, kwa sekunde mbili hivi, kisanduku kilipojifunga vizuri juu ya yule mtu, yeye alipiga makofi, alisema "Imeshika!" kwa sauti, alikuwa na furaha, na kama yule mtu angekuwa mama wa mwingine furaha ile ingeendelea mpaka leo... "Dada, tunakungoja," Kahiga anasema taratibu, na kalamu iko palepale, wageni wako palepale, mlango umefungwa, ila sasa anajua kwamba hatatia sahihi, na anajua kwamba hilo halitamsafisha, na bado hatatia.