Kang'ombe ka Kasuku

Mjini Buriti Torto kila mwenye buti la ngozi na gari refu huitwa Dokta, basi Genivaldo Pontes naye alikuwa Dokta. Hakuwahi kutibu hata kuku. Shule aliiacha darasa la tano, na darasa lenyewe halikumlilia. Alichokuwa nacho ni uwanja wa mabanda nyuma ya nyumba, kibao cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa "Pepo ya Mabawa", leseni yenye mihuri mitatu, na kasuku wa kuuza. Wake za matajiri walitoka mbali, hata mji mkuu, kufuata makinda yake. Waliwapiga picha begani, wakawapa majina ya manukato. Mwaka ukiisha, kasuku keshajinyonyoa kifua kizima kwa upweke, nao hao wanarudi kununua mwingine. Walijiita wapenzi wa wanyama.

Taynara aliwajua kasuku wale kuliko yeyote, maana ndiye aliyewalisha. Miezi minane aliwatilia uji wa mahindi mdomoni kwa bomba la sindano, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akimlisha Ayla, binti yake. Mwanzoni aliamini wamezaliwa pale pale bandani. Kisha Septemba ikafika, yakaanza kuingia maboksi ya makaratasi kutoka porini, yamejaa makinda yenye unga wa michikichi ya buriti iliyooza kwenye manyoya.

Sheria ilitaka kila kasuku aliyeanguliwa bandani avishwe pete mguuni siku zake za kwanza, mguu ungali mwembamba. Mguu ukikua, pete haitoki tena, nayo inakuwa shahidi wa kuzaliwa kwake. Makinda ya kwenye maboksi yalikuwa na miguu mikubwa tayari. Dokta alikuwa na dawa yake.

"Paka sabuni, shika vidole vyote pamoja, sukuma," alimwambia Taynara. "Kikivunjika kimoja, vimebaki vitatu. Mnunuzi hahesabu vidole."

Kidole cha kinda kikivunjika hulia kama njiti ya kiberiti. Taynara aliishika ile sabuni siku tatu. Siku ya nne aliiweka juu ya meza, akavua aproni, akambeba Ayla kiunoni na kwenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa kutoka jasho na kupenda amani.

"Dada, hilo ni neno lako dhidi ya mihuri mitatu," alisema. "Nitazuia mauzo ya makinda thelathini na mmoja yaliyopo hadi tarehe ishirini ya mwezi ujao. Ukiniletea kipimo cha damu kinachoonyesha si watoto wa kasuku wake, nitayachukua. Usipoleta, atauza."

"Nani analipia kipimo?"

"Anayelalamika." Akajipangusa shingo. "Kama elfu kumi na tano hivi."

Taynara alikuwa akifagia saluni asubuhi na kwenda masomo ya watu wazima jioni. Reali elfu kumi na tano alikuwa amewahi kuziona ubaoni tu, katika hesabu za riba.

Huko kwao watu wakichangishana kwa jambo moja husema wanafuga kang'ombe. Kila mtu anatupa nyasi kidogo, kang'ombe kanashiba, jambo linafanyika. Siku hizi kang'ombe hufugwa kwenye simu. Basi Taynara akafungua ukurasa, akaweka picha ya mguu wenye kidole kilichopinda, akaandika kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu wake wa jioni alimsahihishia nukta mbili tu. Bi Zenaide, jirani yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliusoma ukurasa ule kwa wateja wote waliokuja kupimwa nguo, watake wasitake.

"Usimeze mate, utaharibu vipimo," aliwaambia. "Sikiliza kwanza, kisha toa kumi."

Walitoa kumi, walitoa tano. Msichana wa saluni alitoa bakshishi ya wiki. Wale wapenzi wa wanyama wa mji mkuu walituma mioyo myekundu mia nne na sarafu sifuri. Kang'ombe kalipofika elfu tano kakajilaza chini, hakakunyanyuka tena. Zilibaki siku kumi na moja.

Hapo ndipo Dokta alipoingia redioni. Redio ya mji ilikuwa ya shemeji yake, kwa hiyo hakuhitaji mwaliko. Alicheka kwanza, tena kicheko kirefu, cha mtu anayejisikiliza.

"Nasikia wale kina mama wa kasuku wana kang'ombe," alisema. "Maskini, kamekonda, mbavu nje! Kanakufa njaa. Wakalete kwangu nikachinje, angalau mbwa wangu wapate supu."

Mji mzima ulisikia. Taynara alisikia akiwa na fagio mkononi, na nywele za watu zikamganda miguuni kwa jinsi alivyosimama.

Mtu mwingine aliyesikia alikuwa Mzee Orozimbo, aliyeishi peke yake bondeni na kukamua ng'ombe kumi na mbili akiwa na redio iliyofungwa kwa waya juu ya nguzo. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa, la kulia lilifanya kazi kwa hiari yake. Simu hakuwa nayo. Ng'ombe, kwake, alikuwa ng'ombe.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya mlango wa Bi Zenaide na mtamba mwekundu amefungwa kamba mpya.

"Hodi! Nyumba ya kina mama wa kasuku ni hii?"

"Ndiyo hii, mzee. Na huyo?"

"Nimesikia ng'ombe wenu anakufa njaa, na yule fidhuli anataka kumlisha mbwa." Mzee alitema mate pembeni. "Ng'ombe wa watu hatukanwi hivyo. Nimewaletea huyu awafae. Yule wenu yuko wapi, nimtazame? Huenda ni minyoo tu."

Taynara na Bi Zenaide walitazamana. Bi Zenaide alijifunika mdomo kwa futi ya kupimia. Taynara hakuweza kucheka. Alimshika mzee mkono, akalielekea sikio la kulia, akamweleza polepole kwamba ng'ombe wao ni wa simu, hana mbavu, hana minyoo.

Mzee alimpapasa mtamba mgongoni.

"Basi huyu wangu ana faida zaidi," alisema, akamkabidhi kamba.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji, na alasiri yake kuna mnada wa hisani uwanjani mbele ya kanisa. Watu hunadi keki, bata mzinga, nguruwe wa kuchoma, kwa ajili ya paa la kanisa au miwani ya mjane. Katika mnada huo mwenye kushinda akiwa mtu wa kujipenda, hulipa, kisha husema "narudisha", na mnyama hunadiwa upya kwa jambo lile lile. Dokta Genivaldo alikuwa bingwa wa kurudisha. Mwaka uliotangulia alimrudisha bata mzinga mmoja mara tatu, mpaka ndege mwenyewe akachoka kubebwa. Siku zote kwa sauti, siku zote akitafuta kwa macho ni nani hajaona.

Mnadi alipomleta mtamba na kutangaza kuwa ni kwa ajili ya kipimo cha makinda, uwanja mzima uligeuka. Watu walimtazama Dokta. Nani angethubutu kutaja bei mbele yake? Yeye alinyanyuka kwenye kiti cha mbele, tumbo likitangulia.

"Mia tatu," alisema. "Nitamchoma hapa hapa, nyie mle, na mambo ya kasuku yaishe leo."

Walioajiriwa naye walicheka. Mnadi alianza kuhesabu. "Mia tatu mara moja..."

"Mia tano," alisema Bi Zenaide, mdomo umejaa pamonha, mkate wa mahindi mabichi uliofungwa jani.

Dokta aligeuka. "Elfu!"

"Elfu mbili."

"Bi Zenaide, utalipa kwa vifungo?"

"Nitalipa kwa kupanua suruali zako, Dokta. Kila mwaka inchi mbili. Kazi sitakosa."

Safari hii walicheka hata wale walioajiriwa naye. Shingo ya Dokta ikawa nyekundu kama mtamba. "Elfu nne!"

Taynara alivuta sketi ya jirani yake. "Bi Zenaide, jamani, huna hata elfu moja!"

"Sina hata mia, mwanangu. Tulia." Akapaza sauti. "Elfu tano na nusu!"

"Saba!"

"Nane!"

Ayla, aliyekuwa mapajani, alisikia moyo wa mama yake ukidunda, akaweka sikio hapo kama mtu anayesikiliza redio. Taynara alifumba macho. Dokta akinyamaza sasa, aliwaza, tumekwisha. Makinda yatauzwa, na sisi tutachekwa hadi kaburini.

Lakini mtu kama Dokta hunyamaza vipi, mbele ya mji mzima, kwa fundi cherehani?

"Elfu tisa na nusu!" alinguruma.

Bi Zenaide alikunja jani la pamonha kwa utaratibu, akajifuta vidole. "Ah, mchukue," alisema. "Wewe tajiri bwana."

Nyundo iligonga. Dokta alinyanyua mikono, akangoja makofi. Hayakuja. Ikaja sauti ya mzee kutoka nyuma, kali kama ya mtu asiyejisikia anavyopiga kelele.

"Rudisha!"

Ilikuwa ya Mzee Orozimbo. Kisha wauza keki, kisha wanakwaya, kisha uwanja mzima, wakipiga viti. "Rudisha! Rudisha, Dokta! Bata mzinga ulimrudisha!"

Ungemwona. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kila upande alikuta watu aliowafundisha yeye mwenyewe desturi ile.

"Narudisha," alisema hatimaye, kidogo sana, na kwa mara ya kwanza hakuangalia nani ameona.

Mwuza dawa akamnunua mtamba kwa mia nane, akarudisha. Mwisho Mzee Orozimbo alimkomboa ng'ombe wake mwenyewe kwa mia mbili za maziwa, akaondoka naye akimwambia kwamba leo amefanya kazi kuliko baadhi ya watu. Siku ile ile ukurasa wa kang'ombe, uliokwisha kupita elfu kumi na tano, ulitaja wachangiaji wote, kama sheria inavyotaka, wakubwa juu. Jina la Genivaldo Pontes lilikaa kileleni peke yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe; huyu alikilipia pamoja na kamba.

Damu ilichukuliwa, majibu yakarudi siku mbili kabla ya tarehe ishirini. Kati ya makinda thelathini na mmoja, hakuna hata mmoja aliyekuwa mtoto wa kasuku wa Pepo ya Mabawa. Mwendesha mashtaka alitoka jasho zaidi, lakini alitia saini. Kibao cha dhahabu kilishushwa na watu wanne, kumbe kilikuwa bati tupu.

Kukata zile pete kulihitaji mikono ambayo makinda yameizoea. Daktari wa mifugo, wa kweli huyu, alimwita Taynara. Alimshika kinda wa kwanza ndani ya taulo, koleo likabana, pete ikaanguka sakafuni ikilia. Kinda akageuza shingo, akamng'ata kidole hadi damu ikatoka.

"Huyo anaikumbuka sabuni," alisema Bi Zenaide, aliyekuja kutazama tu.

"Na aikumbuke," alisema Taynara, akanyoosha mkono apewe wa pili.