Tone Limeingia kwa Kidawa

Usiku wa kuamkia leo niliota tone la dawa yangu ya macho limekaa sebuleni kwangu, limekunja nne, linakunywa chai.

Mgeni hanishangazi. Nyumba yangu hapa Ngamiani haijui komeo, na umbea wa barazani kwangu hauna saa ya kufunga. Kilichonishangaza ni kwamba tone halina miguu, na bado lilikuwa limekunja nne vizuri kuliko shemeji zangu.

"Nilipangiwa chumba kimoja tu, jicho," likaniambia. "Nishushe presha ya humo, basi. Lakini nimekuta mlango wa pembeni uko wazi, nikasema nipite nisalimie."

Mlango huo naujua. Daktari alinionyesha siku aliponiambia nina presha ya macho: ukishadondosha, fumba jicho, bana kwa kidole ile kona iliyo karibu na pua, tulia kidogo, la sivyo dawa inateremkia puani na kuingia mwilini. Mimi nikaona ni madaha. Nani atulie na kidole usoni wakati sebuleni kuna watu na habari mbichi?

Tone likamaliza chai, likaomba kumsalimia moyo.

Mara sebule imekuwa uwanja wa harusi. Moyo wangu ndiye mpiga ngoma, bwana mnene, kofia imelowa jasho, na wanawake wa mtaa mzima wako uwanjani. Raha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Tone linapenya katikati ya watu, linamgusa bega.

"Taratibu, kaka."

Moyo anapiga. Halafu anangoja. Wachezaji wanabaki mguu mmoja hewani wakisubiri pigo linalofuata, na kwa kuwa ni watu wangu, wanaanza kusengenyana huku wamesimama hivyo hivyo. Vidole vyangu vinaniaga, vinasema vina baridi, vinakwenda jikoni kukaa karibu na jiko la mkaa. Kizunguzungu kinapita na sinia la biriani. Mimi nashangilia tu, maana harusi ilikuwa imejaa mpaka uani.

Ndipo Tone likatazama huku na huku, likaniuliza mbona mwenzake hajafika.

Nikauliza mwenzake yupi.

"Yule uliyemdondoshea jirani yako jana jioni."

Jirani ni Kidawa, shoga yangu wa chumba cha pili, anayekaanga mihogo pale nje. Jana aliingia na habari ya mke mpya wa fundi redio, macho mekundu kwa moshi, nami katikati ya mazungumzo nikamlaza kwenye kochi nikamdondoshea. Sisi tunaombana chumvi, tunaombana kaa la moto, tunaombana na dawa. Dawa ya macho, na yeye ana macho.

"Kidawa ana pumu," nikasema.

Tone likaacha kutabasamu. "Daktari hakukuuliza habari za pumu?"

"Aliniuliza. Nikamjibu sina. Na kweli mimi sina."

"Bi Saumu, kazi yetu ni kutuliza. Moyo tunautuliza. Mapafu ya mwenye pumu yakitulizwa na sisi, yanafunga madirisha."

Hapo hapo niko ndani ya kifua cha Kidawa.

Ni nyumba ya kupanga kama yetu, korido ndefu, vyumba huku na huku. Tone la pili linapita chumba hadi chumba likifunga madirisha. Lina adabu sana. Kila likifunga moja linasema samahani. Mwisho wa korido wamekaa mapafu, wamama wawili mapacha, wanajipepea kwa pepeo na hawapati upepo.

"Saumu," mmoja akasema, akapumzika kabla ya kuendelea, "umetuletea mgeni gani asiyejua kuondoka?"

Sijawahi kumfukuza mgeni maishani mwangu. Nikalifuata lile tone nikaliambia litoke. Likasema limeingilia machoni na huko hakuna njia ya kurudi. Nikasukuma dirisha, likafunguka. Likafunga lililo nyuma yangu. Nikafungua hilo, likafunga lile la kwanza, samahani. Nikaanza kulitukana, na mimi nikitukana mtaa wa pili wanasikia. Likanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama, mimi niko kazini. Wewe ndiye uliyenileta."

"Nitamletea pampu yake ya pumu."

"Mletee. Lakini pampu kazi yake kufungua, na mimi ndiye niliyeshika komeo. Tutavutana tu hapa. Mkimbize hospitali, na ukifika useme nimo ndani. Usiwaambie ni pumu peke yake."

Wale wamama wameacha kujipepea. Korido inakuwa nyembamba, kuta zinanigusa mabega, mwanga unabaki kama wa tundu la ufunguo. Naupitia huo huo.

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ndiyo kwanza inaanza. Sikuvaa ndala. Nilisukuma mlango wa Kidawa nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kifua kinapiga miluzi, pampu iko mkononi na haimsaidii. Hakuweza hata kuniuliza nataka nini.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi na mwenye nyumba. Pale mapokezi, kabla hawajauliza jina, nilimwekea nesi chupa mbele yake nikamwambia mgonjwa ana pumu na jana nilimtia hii. Akaisoma, akaita daktari kwa sauti iliyonitoa jasho. Wakamwingiza ndani, wakamvisha barakoa ya oksijeni, wakamchoma sindano, nami nikabaki kwenye benchi. Watu walionizunguka walikuwa na habari nzuri nzuri, sikuzisikia.

Jua lilipokuwa limepanda wakaniruhusu niingie. Sikuwa nimemsimulia ndoto mtu yeyote, na wanaonijua watakwambia hilo peke yake ni muujiza. Kidawa akasogeza barakoa kidogo, akanivuta kwa ukosi wa dera.

"Shoga," akasema, "siku nyingine ukija kugombana na mtu kifuani mwangu, punguza matusi. Yule bwana alikuwa anaomba samahani, nilimsikia."