Kivuli cha Ghorofa Kumi na Nne

Faili lilifika mezani kwa karani Jumatatu, saa nne kamili asubuhi. Lilikuwa na michoro thelathini na miwili na barua ya mwenye kiwanja: maduka chini, nyumba za kupanga juu, ghorofa kumi na nne kwa jumla. Karani alihesabu kurasa, akagonga mhuri wa kupokelea, akaandika tarehe na saa kwenye daftari. Wino ulikuwa umefifia, ikabidi agonge mara mbili.

Saa nne hiyo hiyo, mitaa mitatu kutoka hapo, kivuli kiliangukia uani kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa dobi, na wakati huo alikuwa akianika mashuka ya nyumba ya wageni. Aliinua macho kutafuta wingu, hakuliona. Kiwanja cha jirani kilikuwa kitupu kama siku zote, majani na vipande vya matofali, jua limejaa tele. Ila uani kwake kivuli kilikuwa kimelala kuanzia ukutani hadi mlango wa jikoni, kikapanda paa, kikatokea barabarani. Kilikuwa na kona zake, na vibaraza vimepangana safu kwa safu. Alikifuata nje, mkono mmoja umeshika kibanio cha nguo, akahesabu ghorofa kumi na nne na matangi mawili ya maji. Kisha akarudi kusogeza kamba. Hapakuwa na pa kuisogezea.

Mashuka yaliyokuwa yakikauka kabla ya adhuhuri sasa yalichukua siku mbili, na yakikauka yananuka uvundo. Wiki ya tatu nyumba ya wageni ikahamia kwa dobi mwingine. Wakabaki wajumbe wa kamati ya jiji ya kupitia michoro ya majengo, na hao walibaki kwa sababu moja tu: nguo zao zilipelekwa na kurudishwa na karani, bure.

Karani alilelewa kwenye ua ule. Alisoma shule yote kwa shati moja, ndiyo maana wenzake walimwita Kauka-Nikuvae, na nyumbani jina likabaki Kauka. Kila alasiri shangazi alilifua, akalianika, na kabla jua halijazama lilikuwa kavu na limepigwa pasi. Sasa alikuwa karani wa muda wa kamati. Mwisho wa mwezi mwenyekiti angeamua kama ataajiriwa moja kwa moja au atafute pengine.

Katika kikao cha kwanza wajumbe walitazama michoro kwa makini sana. Mmoja alisema kona ya jengo ni kali mno, inachoma macho. Msanifu alikubali kuiviringa. Asubuhi iliyofuata kona ya kivuli uani ilikuwa imeviringwa.

"Wameilainisha kona," shangazi alimwambia karani alipokuja kuchukua nguo.

"Ndiyo, shangazi. Wameijadili karibu saa nzima."

"Na jua langu?"

"Hilo ni swali la tisa kwenye fomu. Mpimaji atakuja kupima."

Mpimaji alikuja Alhamisi, mtu mpole mwenye kifaa shingoni. Kazi yake ilikuwa kuandika hali ya eneo ilivyo kabla ya ujenzi. Alisimama katikati ya ua, akatazama kifaa, akaandika: *Ua una kivuli.* Alirudi saa sita, akarudi saa tisa, akaandika vilevile. Shangazi alimwambia kivuli kile ni cha jengo lenyewe. Mpimaji alikubali, maana vibaraza alikuwa akiviona kwa macho yake. Lakini fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, kilichopo na kitakachoongezeka, na kivuli kilikuwepo.

Kwa hiyo ripoti iliyofika kikao cha pili ilisema kwamba jengo halitaongeza kivuli chochote kwa jirani. Wajumbe walifurahi. Si kawaida ghorofa kumi na nne kutoongeza kivuli, na msanifu alipongezwa.

Jirani anayeathirika hupewa dakika tatu. Shangazi alisimama na begi lake begani, akasema alichokuja kusema. "Waheshimiwa, miaka ishirini na sita nimeanika uani kwangu. Kivuli kimekuja na hilo faili. Lirudisheni faili, jua litarudi. Sina zaidi."

Alitumia nusu dakika. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu.

"Mama, pole sana. Lakini hapa tunajadili kitakachojengwa, na kivuli chako kipo tayari." Kisha akamgeukia karani. "Kuna kumbukumbu yoyote kwamba ua huo uliwahi kupata jua?"

Daftari lilikuwa mbele ya karani, limefunguliwa ukurasa wenye mihuri miwili, tarehe na saa ile ile kivuli kilipoanguka. Alichotakiwa ni kulisukuma tu upande wa pili wa meza. Aliufikiria mwisho wa mwezi. Hakumtazama shangazi.

"Hakuna kumbukumbu, mheshimiwa."

Shangazi alifunga zipu ya begi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, si kwa sauti kubwa, akaketi. Mwenyekiti aliuliza kama hayo yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Yakaandikwa.

Jengo lilipitishwa kwa sharti kwamba kuta zipakwe rangi ya maziwa. Karani aliajiriwa.

Jengo halikujengwa. Mwenye kiwanja alikuwa akisubiri bei ya kiwanja ipande, na kibali kilikuwa cha miaka mitatu, kikiisha kinaongezwa. Shangazi aliomba aanike kiwanjani, kwenye jua. Mlinzi alimhurumia kabisa. "Mama, ningekuruhusu. Lakini kwenye karatasi hapa pana jengo. Nguo utaanika wapi, sebuleni kwa watu?"

Kufikia mwaka wa pili, kwenye vivuli vya vibaraza vilitokea vivuli vya kamba, na kwenye kamba nguo: suruali, kanga, soksi za watoto. Zilipepea sakafuni uani asubuhi nzima, na mchana kabla haujafika zilikuwa zimeanuliwa, zimekauka. Shangazi alizitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. "Wanakung'uta vizuri," alimwambia karani. "Huko juu kuna jua zuri." Hakumwita tena Kauka. Alimkabidhi furushi la wajumbe, juu yake shati la karani mwenyewe, akasema limebaki bichi kidogo.

Jumatatu kamati ilikaa, wajumbe saba, mashati saba yaliyopigwa pasi yakiwa na unyevu. Hakuna aliyeuliza, walikuwa wamezoea. Mwenyekiti alisema chumba kina baridi siku hizi, akaagiza madirisha yafungwe. Karani aliandika kwamba madirisha yamefungwa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Miaka yote ya shule, kwa shati lile moja, hakuwahi hata siku moja kuvaa shati bichi.