Wanaounga Mkono

Rungu la kwanza lilipiga karai, likabonyea. Mfua nguo hakusogea. Alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe chini ya maporomoko, shuka za watu zikielea mbele yake, na aliyeshika rungu alikuwa mume wa binti yake.

"Mama, toka, nakuomba," mkwewe alisema kwa sauti ya chini. "Uzio umeshawekwa. Leo wanakuja wapiga picha."

"Nikishasuuza nitatoka, mwanangu. Kwangu kuna bomba?"

Meneja wa mradi wa utalii aliteremka ngazi mpya za saruji, ameshikilia suruali isilowe. "Mlinzi, unambembeleza nani?"

"Ni mama mkwe wangu, bosi."

"Si ulisema unawajua wote hapa? Ndiyo maana tukakuajiri. Mtoe, au vua hilo shati avae mwingine."

Mkwe alilitazama shati. Akafumba macho, akapiga. Mama alikinga kwa mkono wa kushoto, mfupa ukalia kama kuni kavu. La tatu lilimpata begani. La nne mgongoni, na sasa macho ya kijana yalikuwa wazi, meno yameng'ata mdomo, kama anayeogopa kwamba akiacha kupiga ataangua kilio. Maji yakazizoa shuka.

"Basi, basi," meneja alisema. "Usije ukaniulia mtu."

Jioni binti alimfunga mama yake mkono kwa vipande vya mbao. Machozi yalimtoka, lakini maneno yalikuwa mengine. "Mama, usiende polisi. Akifukuzwa, hawa watoto nitawalisha mawe?"

Hakwenda. Ila Jumapili alikwenda mkutanoni, katika darasa la shule. Afisa utalii alieleza kwamba mradi ni wa wananchi wenyewe, vijana wamepata kazi, hakuna aliyeachwa nyuma.

"Wanaounga mkono, wanyooshe!"

"Wa huyo mama haujaunga bado!" fundi baiskeli alidakia kutoka nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Kikakatika walipomwona mkwe akija kutoka mlangoni na rungu lake. Alimkamata fundi ukosi, akamburuta nje. Kofi likasikika. Kisha kitu kizito kuliko kofi. Mikono ikaanza kunyooka, mmoja mmoja.

Mfua nguo naye alinyoosha ule mzima. Alitaka kuuliza swali.

"Ahsante sana! Hata mama huyu, pamoja na ajali yake," afisa alisema. "Tumeafikiana wote!"

Makofi yakalipuka.

"Mimi sikuunga, nilitaka kuse..."

Mpiga picha alikuwa ameshapiga goti mbele yake. "Usishushe, mama. Hivyohivyo. Hebu cheka kidogo."