Safari Hii Hatudanganyiki

Nimechoka jamani, na sitaki mtu aniambie nilijitakia. Somo langu kuu ni isimu. Hiyo sayansi ya utambuzi niliiongeza pembeni, eti nijue akili ya binadamu inavyofanya kazi. Kumbe ni kukimbia tu! Vipindi vyake vimetawanyika: falsafa iko juu kilimani, kompyuta chini mtoni, saikolojia upande mwingine kabisa, na idara zenyewe hazisemezani hata kwenye kupanga ratiba. Alhamisi sipati nafasi ya kula. Na mimi nina kisukari. Nikijidunga insulini nisile, naanguka.

Rafiki yangu Emmett analijua hilo. Mara ngapi amenitia juisi mkononi, "Kunywa, Maribeth, usije ukanifia hapa bure!"

Wiki moja kabla sijaanguka, profesa wa saikolojia alituchezea. Kijana wa idara ya maigizo alijiangusha kwenye korido, nasi tukamkimbilia, Emmett mbele, anavua koti amfunike, anapiga kelele gari la wagonjwa liitwe. Yule kijana akainuka, akajipangusa, akatuinamia kama yuko jukwaani. Kumbe profesa alikuwa anapima nani atasaidia. Darasa zima likamgeukia Emmett. "Daktari! Njoo basi, na mimi kidole kinaniuma!" Walimtania wiki nzima, na ilimuuma.

Alhamisi iliyofuata nikateremka mbio kutoka falsafa, theluji imefika vifundoni, tumbo tupu. Kwenye korido ile ile miguu ikagoma. Nikaanguka. Ulimi ulikuwa mzito, lakini masikio yalisikia kila kitu.

"Haya, wameanza tena," mmoja akasema.

"Leo wamemtumia Maribeth. Mwone anavyotetemeka! Yuko vizuri huyu."

"Safari hii hatudanganyiki. Vipi Emmett, huvui koti?"

Wakaangua kicheko. Viatu vya Emmett vilikuwa karibu na uso wangu, navijua. Nilitaka kusema juisi, ukatoka mkoromo tu. Akarudi nyuma kidogo, awapishe wenzake waone vizuri. Niliogopa, wee, niliogopa kufa huku natazamwa.

Aliyeniokoa ni msichana wa hisabati aliyekuwa anapita, hata simjui, na somo letu hajawahi kulisoma. Aliiona bangili yangu ya wagonjwa wa kisukari. "Nyie mna wazimu?" akawafokea, akapiga magoti, akaninywesha soda yake kidogo kidogo mpaka gari likaja.

Jioni Emmett alikuja wodini na juisi ya tufaha, macho mekundu.

"Emmett, wewe unajua nina kisukari."

"Najua."

"Sasa?"

Akaukunja mrija wa juisi, akaukunjua, akaukunja tena. "Nilidhani ndiyo maana wamekuchagua wewe uigize."

Sikuwa na nguvu hata ya kumtukana. Nikamwambia aiache juisi mezani aende zake, nikageukia ukutani.